Usingoje mvua iishe ndipo upime kijito

Nimefuatilia vijito vya misitu ya milimani kwa muda mrefu, na kila kikundi kinachoanza kupima maji huwa nakiambia jambo hili kwanza: chukueni sampuli mvua kubwa inaponyesha. Chupa inayojazwa mara moja kwa wiki, tena siku ya jua, itawaonyesha msitu usiopoteza karibu virutubisho vyovyote. Siku hiyo ni kweli, kwa sababu mizizi na vijidudu vya udongoni huwahi nitrojeni kabla haijafika kijitoni. Lakini hasara kubwa ya mwaka hutokea ndani ya saa chache za dhoruba.

Wakati wa ukame kijito hulishwa na maji ya chini, yaliyokaa sana kwenye miamba na kubeba kalsiamu na silika. Mvua kubwa ikishuka, maji ya ardhini hupanda hadi kwenye mboji na majani yanayooza, kisha hukimbilia bondeni kupitia matundu yaliyoachwa na mizizi na wadudu. Nitrati, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini, huondoka nayo kwa urahisi, maana ina chaji hasi na chembe nyingi za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, hivyo hazina namna ya kuishika. Fosforasi ni tofauti: hung'ang'ania chembe za udongo na husafiri na tope. Kwa hiyo msiamue kwa macho. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa yamebeba nitrati nyingi.

Wengi hufurahi wakiona kalsiamu imepungua katika kila lita. Hesabuni na wingi wa maji! Kiwango kikishuka kwa nusu huku mtiririko ukiongezeka mara 10, kinachotoka msituni kwa saa ni mara 5 ya kawaida.

Chupa nyingi zijazwe maji yanapopanda, kwa sababu mara nyingi kilele cha virutubisho hutangulia kilele cha mafuriko. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi msiikose kabisa. Inasomba yaliyojilimbikiza, na inayofuata, hata ikiwa na nguvu ileile, huweza kukuta kidogo.

Mvua peke yake si ya kulaumiwa. Huko Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, miti ya bonde dogo zima ilikatwa mwaka 1965 na uotaji mpya ukazuiwa kwa dawa. Nitrati kijitoni ilipanda mara 41 mwaka wa kwanza na mara 56 mwaka wa pili. Mimi takwimu hizo zinaniuma, na ndiyo maana sikubali mtu aguse miti ya kandokando ya vijito wala azoe majani makavu yaliyo chini yake. Mitaro ya barabara za msituni nayo imwage maji kwenye vichaka, kamwe isiishie kijitoni.

Mtu asiingie majini wakati wa dhoruba. Fungeni chupa kwenye ncha ya fimbo ndefu, mchote mkiwa ukingoni. Sampuli ya nitrati ichujwe mapema na iwekwe kwenye baridi, vijidudu visije vikaila. Sampuli ya kupima jumla ya fosforasi isichujwe, ibaki na tope lake. Na kila chupa iandikwe saa na kina cha maji, maana bila kina hamtaweza kukadiria wingi wa maji wala kukokotoa kiasi kilichopotea.