Gari la tabo limelegea: uliza presha kwanza

Mtu akiniambia gari lake la tabo (feni inayozungushwa na gesi ya moshi ili kushindilia hewa ndani ya injini), lile lililobadilishwa ekzosi (bomba la moshi), intakula (kipoza hewa ya tabo) na programu ya kompyuta ya injini, limeanza kulegea, huwa namuuliza swali moja: ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, presha ya tabo inafika pale ilipopangwa au haifiki? Mara nyingi sipati jibu. Napata jina la kifaa anachotaka kununua, na kifaa chenyewe huwa ni tabo mpya.

Swali hilo linaigawa kazi pande mbili. Presha isipofika, kuna hewa inayopotea njiani, au tabo haipati msukumo wa kutosha. Presha ikifika na nguvu bado haipo, achana na mabomba ya hewa. Nenda kwenye moto (cheche za plagi), mafuta na joto. Nimeona watu wakibadilisha plagi, koili na pampu kwa mpangilio huohuo wa kubahatisha, kumbe mpira wa intakula ulikuwa umechomoka nusu.

Jibu halipatikani kwa kuhisi kiti kinavyokusukuma mgongo. Unganisha kompyuta ndogo au skana inayorekodi, nenda kwenye mashine ya kupimia nguvu au eneo lililofungwa lisilopita magari mengine, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika hadi karibu na alama nyekundu. Rekodi presha inayoombwa, presha iliyopatikana, kiwango ambacho westigeti (mlango unaopitisha gesi ya ekzosi pembeni ya tabo) inaamriwa kufunga, uwiano wa hewa na mafuta, joto la hewa inayoingia, moto unavyocheleweshwa, na throto (mlango wa hewa wa injini) imefunguka kiasi gani. Usijipe moyo kwa sababu taa ya injini haijawaka. Baadhi ya programu za kuongeza nguvu huwa zimezimwa misimbo ya hitilafu, kwa hiyo ukimya wa taa hauthibitishi kitu.

Kama unalinganisha na rekodi ya zamani, hakikisha zote mbili zinasoma kitu kimoja. Gaji ya dashibodi huonyesha presha iliyozidi hewa ya nje. Kompyuta nyingi huandika presha kamili, hewa ya nje ikiwemo. Usawa wa bahari hewa ya nje ni takriban bar 1, na ukipanda mita 1,500 inabaki karibu bar 0.85. Nimeshuhudia mabishano marefu juu ya bar moja "iliyopotea" ambayo haikuwa imepotea popote.

Haya, tuseme presha haifiki. Angalia westigeti: kama kompyuta inaiamuru ijifunge kuliko zamani na presha bado iko chini, tabo inahangaika kujaza mfumo unaovuja. Kwenye gari linalopima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, uwiano wa mafuta utakuambia hata tundu liko wapi. Likiwa kati ya sensa na tabo, tabo inavuta hewa ambayo haikupimwa, na mchanganyiko unakosa mafuta ukikanyaga. Likiwa kati ya tabo na throto, injini inanguruma vizuri ikiwa imetulia, lakini ukikanyaga hewa iliyokwisha kupimwa inamwagika nje, mafuta yanazidi na moshi mweusi unatoka. Likiwa baada ya throto, kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) au vimpira vyake, utaona mambo mawili yanayopingana: gari likitulia mafuta yanapungua, likikanyagwa mafuta yanazidi. Gari linalokisia hewa kwa sensa ya presha pekee halina ishara hizi, ndiyo maana uvujaji wake hujificha kwa muda mrefu.

Kisha thibitisha. Ziba mdomo wa bomba linaloingia kwenye tabo kwa kifuniko chenye vali, ingiza hewa ya kompresa kupitia kidhibiti presha, panda taratibu, wala usivuke presha ambayo injini hutengeneza. Weka uso mbali na viungio. Sikiliza, pulizia maji ya sabuni, fungua kifuniko cha oili usikilize na huko pia: hewa kidogo inapita kwenye ringi, hilo ni la kawaida, lakini ikivuma kwa nguvu, vali ya kupumulia ya injini imekufa. Jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na ndilo watu hulikwepa kwa sababu halina kitu cha kufungua kwenye boksi.

Kwenye magari yaliyobadilishwa, mkosaji ninayemkuta mara nyingi ni mpira wa silikoni uliovalishwa kwenye bomba lisilo na ukingo ulioinuka mwishoni. Oili nyembamba inayopita kwenye tabo inaulainisha, klipu inabana kitu kinachoteleza, na mpira unarudi nyuma kila presha inapopanda. Safisha kwa dawa ya kusafishia breki mpaka pakauke kabisa, weka klipu ya boliti, na bomba lenyewe likatengenezwe ukingo. Mafundi wengine hupulizia ndani dawa ya kushikilia nywele ili mpira ugande. Inachekesha, ila inafanya kazi.

Mfumo usipovuja, geukia westigeti. Mlango wake ukiwa umepinda, au fimbo yake imefungwa bila mkazo, gesi ya ekzosi inapita pembeni badala ya kuzungusha tabo. Kumbuka pia kwamba kimpira kinachopeleka presha kwenye westigeti kikipasuka, matokeo ni kinyume: presha inazidi, kompyuta inashtuka, inafunga throto au kukata mafuta. Dereva anahisi nguvu imekatika, anakwenda kuongeza presha. Hapo ndipo injini huumia.

Ekzosi iliyoziba huleta dalili za tabo mchovu. Injini iliyokuwa ikila mafuta kupita kiasi au kumisi huweza kuyeyusha kataliza (kisafisha moshi ndani ya ekzosi). Fungua tundu la sensa ya oksijeni iliyo mbele ya kataliza, funga gaji, shikilia mizunguko 2,500: ukiona zaidi ya bar 0.2 hivi, kuna kizuizi. Tabo yenyewe naiacha mwisho. Shika shafti yake: kucheza kidogo pembeni kwenye tabo ya bushi (isiyo na beringi za gololi) ni sawa kwa sababu oili haina presha injini ikiwa imezimwa. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, hapo una haki ya kununua.

Upande wa pili: presha ipo, nguvu haipo. Gari likikohoa juu tu, pale presha inapokuwa kubwa, na likiwa tulivu halina tatizo, anza na plagi. Hewa iliyoshindiliwa inahitaji umeme wa nguvu zaidi ili cheche iruke. Nafasi ya milimita 1.0 au 1.1 ambayo gari lilitoka nayo kiwandani mara nyingi haifai tena; wengi hushuka hadi 0.6 au 0.7. Ni kipimo cha dakika chache.

Mafuta yanahitaji gaji. Kwenye mfumo wa nozeli (vipulizia mafuta) za kwenye manifoldi wenye regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) inayofuata presha ya tabo, kama presha ya msingi ni bar 3, tabo ikisukuma bar 1 mafuta yapande hadi 4. Yakibaki palepale au kushuka, kuna kasoro kwenye filta, regyuleta au pampu, na kabla ya kuilaumu pampu pima volti kwenye kiungio cha waya zake ikiwa kazini. Waya za kiwandani hazikutengenezwa kwa ajili ya pampu kubwa uliyofunga. Injini nyingi za petroli zikiwa na mzigo huwekwa karibu na uwiano wa hewa 11.5 hadi 12.5 kwa mafuta 1. Ukiona namba inapanda kuelekea 14 presha ikiwa kamili, ondoa mguu hapohapo, usisubiri rekodi ikamilike.

Joto lina tabia yake: mbio ya kwanza gari linaruka, ya tatu limechoka. Linganisha joto la hewa na moto unavyocheleweshwa. Petroli ya oktani ndogo kuliko ile programu ilivyoandaliwa nayo pia huifanya kompyuta icheleweshe moto, hata asubuhi ya baridi. Na klachi isisahaulike: mizunguko ikipanda bila kasi kupanda, injini haina kosa.

Haya yote yakiwa safi, pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, throto wazi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, jaza hewa kwenye silinda hiyo usikilize inatokea wapi: kwenye ekzosi ni vali, kwenye kifuniko cha oili ni ringi au pistoni, mapovu kwenye rejeta ni gaskiti. Na hapo presha ya tabo isiguswe tena mpaka injini ifunguliwe.