Kaka tumemfungia aache pombe, sasa anaona siafu

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41, amekunywa gongo na wanzuki kila siku kwa zaidi ya miaka kumi. Jumapili usiku tulimfungia ndani aache, tukamwekea na unga wa kuachisha pombe kwenye uji. Jumatatu jioni alianguka kifafa, hajawahi kuwa nacho. Leo Jumatano anatetemeka, jasho linamtoka, anajipangusa siafu tusiowaona. Malaria hana. Mama anasema ni mapepo. Tufanyeje? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Marahaba. Fungueni mlango mumpeleke hospitali sasa hivi. Mama atamwombea akiwa wodini.

Mapepo hayafuati saa, arosto ya pombe (mwili kuhangaika pombe ikikatwa ghafla) inafuata. Tangu glasi ya mwisho, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 12. Kifafa huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kwa namna hii huja siku ya pili hadi ya nne, na hapo ndipo watu hufa. Ubongo uliopoozwa na pombe miaka yote ulijizoesha kujikaza ili ufanye kazi. Mmeondoa pombe kwa siku moja. Ule mkazo umebaki peke yake.

Semeni ukweli mapokezi: anakunywa nini, glasi ya mwisho ilikuwa lini. Nimewahi kuitwa wodi ya mifupa kwa mgonjwa aliyetaka kuruka dirishani siku ya tatu, kumbe hakuna aliyemuuliza kuhusu pombe. Watampima sukari, watampa diazepamu (dawa ya kutuliza mkazo huo), na sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya glukozi. Msikubali mtu wa mtaani amchome klopromazini (dawa ya magonjwa ya akili) "alale"; inaweza kurudisha kifafa.

Na huo unga, bebeni pakiti yake. Hawa wauzaji wamenichosha! Hawaandiki kilichomo, halafu wanawafundisha mfiche kwenye uji. Dawa halisi ya kuzuia unywaji, disulfiramu, haipewi mtu kwa siri wala mwenye pombe mwilini; akinywa juu yake presha inaweza kuporomoka na moyo ukasimama.

Kufuli nalo ni hivyo hivyo. Mlevi ambaye mikono haitulii asubuhi mpaka azimue, huyo msimwachishe nyumbani kwa nguvu. Mleteni hospitali ya wilaya, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe hapa Dodoma, kabla hajaacha. Tutampa dawa ya kutuliza na kuipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tukiwa tunamwangalia.