SUA na jina la Sokoine

Mkuu, umeuliza kama SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, ilianzishwa na Sokoine mwenyewe, yule aliyekuwa Waziri Mkuu wetu. Hapana, jina ni la kumuenzi. Alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Aprili 1984, na chuo kikuu kikaanza rasmi Julai mwaka huohuo. Ila kilimo kilikuwa kikifundishwa hapo Morogoro tangu 1965, ngazi ya chuo, kabla ya kugeuzwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwangu mimi historia tamu iko Mazimbu. Kampasi ile ya SUA ilikuwa shule ya ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyojengwa kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Walikabidhi majengo kwa serikali yetu 1992, wakarudi kwao. Jina la shule hiyo, la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa Pretoria 1979, likabaki kwenye kampasi.