Dawa kidogo, filamu mbili

Swali: Mashine yangu ya kusafishia filamu huzungusha tangi likiwa limelala. Nifanyeje nisimwage dawa nyingi kila mara?

Jibu: Ndugu msomaji, usisafishe filamu moja peke yake. Tangi la Jobo 1520 hubeba filamu mbili za milimita 35, nalo likizungushwa huhitaji mililita 240 tu, ilhali likipinduliwa kwa mkono huhitaji 485. Kwa hiyo ukitia filamu moja, unamwaga dawa ambayo bado ina nguvu. Hata hivyo usipunguze kupita kiasi, kwani kila filamu huhitaji angalau mililita 100 za XTOL, dawa ya kutokezea picha, isiyozimuliwa, la sivyo picha zitatoka hafifu. Fiksa, yaani dawa ya kuzuia picha isibadilike tena, irudishe chupani: hutumika tena, mpaka kipande cha filamu kichukue muda maradufu ya ule wa fiksa mpya kuwa angavu ndani yake.