Kidonge Kimebadilishwa: Maswali na Majibu

Wazazi watatu waishio Marekani wametuandikia kuhusu dawa za ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutulia na kumakinika.

Mwanangu hutumia Concerta. Mwezi huu mfamasia amenipa kidonge cha kampuni nyingine bila kuniuliza. Ana haki hiyo?

Kwa kawaida anayo. Sheria hutofautiana baina ya majimbo, lakini daktari asipoandika kwamba dawa isibadilishwe, mfamasia aweza kutoa ya jeneriki, yaani yenye kiambato kilekile, ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa, imeiweka katika daraja la kulingana na ile ya asili. Bima nazo huipendelea kwa unafuu wa bei.

Kama kiambato ni kilekile, mbona ikifika saa tisa alasiri mtoto hashikiki?

Methilfenideti, kiambato cha Concerta, ni ileile. Kinachoweza kutofautiana ni namna kidonge kinavyoiachilia. Tabaka la nje la Concerta hutoa takriban asilimia 22 ya dozi mapema, kisha maji ya tumboni hupenya ndani na kuisukuma dawa iliyobaki, kidogo kidogo, kupitia tundu lililotobolewa kwa leza, hata ikafanya kazi kwa saa 12 hivi. Novemba 2014 FDA iliteremsha daraja la vidonge vya jeneriki vya kampuni za Mallinckrodt na Kudco, baada ya kuona kwamba kwa baadhi ya watu huenda vilitoa dawa polepole mno kati ya saa ya 7 na ya 12 baada ya kumezwa. Vilibaki na kibali, ila havikuhesabiwa tena kuwa badala halali ya Concerta. Jeneriki nyingi hazina kasoro, lakini malalamiko yako si ya kupuuzwa. Andika kwa wiki moja saa anayomeza na saa anayoanza kuhangaika, nakili maandishi ya kidonge (cha asili huandikwa "alza" na idadi ya miligramu), umpelekee daktari. Dozi usiiongeze mwenyewe.

Nimeona kidonge kizima chooni. Ina maana dawa haikuingia mwilini? Na nikitaka, naweza kuvirudisha famasi?

Iliingia. Ulichoona ni ganda tupu, ambalo haliyeyuki. Kuhusu kurudisha, ni vigumu: dawa hizi zimo katika kundi la pili la dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo kila mara huhitaji cheti kipya, na famasi kwa kawaida haipokei zilizokwisha kutoka. Fungua mfuko ukiwa bado dirishani, ukitazame kidonge kabla hujalipa.