Maswali yenu kuhusu vikorokoro vya treni za kuchezea za kabla ya vita

Haya, maswali yamejaa tena, na safari hii karibu yote ni ya vikorokoro: stesheni, madaraja, taa, mageti, vijitu vya madini ya risasi, mapipa ya maziwa. Mimi nimefurahi sana, maana injini kila mtu aliitunza, ilirudishwa kwenye boksi lake ikawekwa juu ya kabati, lakini kile kijitu cha kubeba mizigo kiliangukia chini ya kochi kikafagiwa na takataka, ndio maana leo kuna injini unazikuta sokoni kila wiki na kuna vitu vidogo vya kukaa pembeni ya reli ambavyo utavisubiri mpaka uchoke. Nikisema kabla ya vita ni Vita Kuu ya Pili. Kwa Marekani watu wanakata mwaka 1942, pale serikali ilipopiga stopu midoli ya chuma ili chuma kiende vitani.

Nimenunua kopo la biskuti limejaa vitu vidogo vya Hornby, kuna mapipa ya maziwa, masanduku ya safari, toroli na watu wa stesheni. Muuzaji anasema ni vya kabla ya vita. Nimwamini? (Msomaji, Leicester)

Dada, usimwamini wala usimkatae, kigeuze kitu uangalie chini. Treni za Hornby zilianza 1920, kampuni ya Frank Hornby ya Meccano kule Liverpool, na vitu vya platifomu kama hivyo ulivyonavyo viliuzwa miaka mingi, kabla na baada ya vita, kwa hiyo maandishi ya "Made in England" peke yake hayakupi jibu. Watu wa stesheni ndio wana historia yake: walitoka 1931 kwa jina la Modelled Miniatures, na ukoo huohuo ndio baadaye, 1934, ukaitwa Dinky Toys, vile vigari vidogo vya kuchezea, kwa hiyo ukiona boksi lenye jina lile la zamani, dada, funika haraka usije ukapiga kelele mbele ya muuzaji.

Sasa chukua kijitu kimoja, urefu wake ni kama sentimita 4, kiweke karibu na dirisha. Angalia pale mkono unapokutana na mwili. Kama rangi ni ya kiwandani, imeingia humo ikakauka na kupauka pamoja na sehemu nyingine, na chini ya miguu risasi imebaki wazi ya kijivu iliyosuguliwa kwa kusimamishwa miaka na miaka. Kikiwa kimepakwa juzi utaona rangi imejaza mikunjo yote, kofia inang'aa, na kisogoni brashi imepita kwa pupa. Kilichochubuka na rangi yake mwenyewe nakichukua mimi kabla ya hicho kilichopendezeshwa.

Na ukikutana na stesheni yenyewe ya bati, soma jina ukutani. Zipo za Windsor, Margate, Ripon, Wembley. Watu wanazikusanya kwa majina, kwa hiyo usinunue ya pili yenye jina ulilonalo tayari eti kwa sababu bei nzuri. Aah, nunua tu, utabadilishana na mtu.

Kaka, nimepewa ofa ya daraja la Lionel No. 300, lile Hell Gate. Linaonekana zuri mno na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. (Pennsylvania)

Wasiwasi wako una akili. Hili ndilo daraja ambalo kila mtu analitaka, limeigwa kutoka daraja la kweli la New York linalovuka mto East River, treni zilianza kupita juu yake 1917, na Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, wakatoa la kuchezea 1928 wakaendelea nalo mpaka 1942. Ni kubwa, karibu futi mbili na nusu, na lilikuwa la treni zao za reli pana, Standard Gauge, ingawa zile za reli nyembamba zaidi, O, nazo zinapita bila shida. Kwa sababu linatakiwa hivyo, limetengenezwa upya pia, MTH kwa mfano, kampuni nyingine ya Marekani ya treni za kuchezea, wametoa lao, na hayo si ya kitapeli kabisa, yanauzwa kama mapya na ni mazuri, shida ni yule wa tatu anayelinunua, analipitisha vumbi kidogo, anakuja kukuambia lilikuwa la babu yake.

Anza na rangi. La mwanzo lina minara ya krimu, vyuma vya upinde ni kijani na chini ni chungwa. La baadaye lina minara ya rangi ya pembe za ndovu, vyuma vya rangi ya fedha na chini nyekundu. Ukiona mchanganyiko, minara ya hili na vyuma vya lile, muulize mtu limeunganishwa kutoka kwa madaraja mangapi. Vibao navyo vinaongea: Lionel kwa ujumla walitumia shaba ya njano miaka ya 20, halafu katikati ya miaka ya 30 wakahamia nikeli nyeupe.

Halafu lipindue. Bati za enzi hizo zilishikana kwa vindimi vidogo vinavyopenya kwenye tundu na kukunjwa, na sehemu zilipakwa rangi na kuchomwa kwenye oveni kabla ya kuunganishwa. Maana yake kindimi kilikunjwa kikiwa na rangi tayari, na pale kwenye kunjo utaona rangi imepasuka, nyufa nyembamba kama nywele, mara nyingine imebanduka ukaona bati tupu lenye kutu kidogo. Ukikuta rangi imepita juu ya kindimi kilichokunjwa, imeziba hata ule mwanya, bwana, hilo lilipakwa likiwa zima limeshaunganishwa, yaani limepakwa upya. Ukikuta kindimi kimevunjika na kimelehemiwa, lilishafunguliwa. Skrubu nazo: vichwa vya msalaba vilianza kuenea baada ya katikati ya miaka ya 30, sasa daraja la 1928 limepataje skrubu ya msalaba kama hakuna mtu aliyeingiza bisibisi yake?

Chukua pia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti za hela, zima taa za chumba, mulika. Rangi nyingi za kisasa zinawaka tofauti na rangi ya zamani, na mara nyingi kiraka kilichopakwa baadaye kinajitokeza chenyewe. Haitoshi kuwa ushahidi peke yake ila ikiungana na vindimi umemaliza kazi.

Na wewe uko Pennsylvania, unalalamika nini? Gulio la treni za kuchezea la York liko jimboni kwako, Aprili na Oktoba, na chama cha wakusanyaji TCA kilichoanzishwa 1954 kina makumbusho yake pale Strasburg. Nenda ukashike kwanza mkononi daraja la Lionel ambalo ni halisi la zamani. TCA wana vipimo vya hali ya kitu kuanzia C-1 mpaka C-10, kumi ndiyo kama mpya, jifunze hivyo maana muuzaji akikuambia C-7 na wewe hujui saba ni nini utakuwa unaitikia tu.

Nimekuta stesheni ya bati Stuttgart, chini imeandikwa GBN. Nyingine imeandikwa Made in US Zone Germany. Ipi ya zamani?

GBN, tena kwa mbali. Hao ni Gebrüder Bing wa Nürnberg, kiwanda kilichokuwa kikubwa kupita kiasi wakati wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alama ikabadilika ikawa BW, na mwanzoni mwa miaka ya 30 kampuni ikaanguka, kwa hiyo kitu cha Bing cha treni hakina namna ya kuwa cha juzi. Hiyo ya US Zone ni ya baada ya 1945, Ujerumani ikiwa imegawanywa na majeshi, si kabla ya vita hata iwe na kutu vipi. Neno "Germany" tupu lilipigwa kwenye bidhaa za kwenda nje, sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai nchi iandikwe, na ukiona "Western Germany" hapo tumeshavuka 1949.

Märklin, kiwanda kingine cha treni za kuchezea, wako Göppingen, hapo jirani yako kwa treni ya kweli. Stesheni zao za mwanzo wa karne ya 20 zilipakwa kwa mkono na nyingine ziliwashwa kwa mshumaa ndani, fikiria mshumaa ndani ya mdoli wa mtoto, ndio maana ukipata ya aina hiyo kagua dari kwa ndani, weusi wa moshi ni kitu kizuri kuliko dari safi. Hivi vitu vina hela kweli. Mwaka 2005 wezi waliingia kwenye makumbusho ya Märklin wakaondoka na mali ya zaidi ya yuro milioni moja, baadaye ikapatikana.

Assalaam alaykum. Nina taa za barabarani za Lionel No. 57, mbili zimechubuka. Nataka kuzipaka rangi na kuziwasha hapa Muscat. Transfoma ninayo ya zamani ileile.

Waalaykum salaam ami. La kwanza, usipake. La pili, hiyo transfoma usiichomeke ukutani! Imetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 110 na hapo kwako ni 240, na hata ukipata kifaa cha kushusha, waya wake umevishwa kitambaa na mpira uliokauka, ukiukunja unameguka vipande. Nunua transfoma mpya ndogo inayotoa volti chache za treni, iwe ya umeme wa kwenu, waya mpya, na ile ya zamani iweke rafuni ionekane tu.

Kabla hujafanya lolote soma majina ya mitaa juu ya taa. No. 57 ilitengenezwa kuanzia 1922 mpaka 1942, na nyingi zimeandikwa Main Street na Broadway. Kama yako ina mtaa wa 42, ami, umekaa na kitu, na ukipitisha brashi hapo umeiua. Kuisafisha, kitambaa kikavu laini na pamba ya masikioni yenye unyevu kidogo, ujaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Petroli, tina na zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zisikaribie.

Sasa nikuulize, magurudumu na vitako vya vitu vyangu vinapasuka vyenyewe nikiwa nimeviacha tu kwa kabati. Jirani anasema hiyo ni uchawi. (Nairobi)

Mwambie jirani atulie. Hiyo ni zinki. Miaka ya 20 na 30 viwanda vilimimina aloi ya zinki kwenye molda, na kama iliingiliwa na risasi hata kidogo sana, chuma kinaoza kwa ndani polepole: kwanza kinavimba, kinapinda, halafu nyufa, halafu unga. Unyevu na joto vinaharakisha, kwa hiyo wa Mombasa na Tanga wachunge zaidi, weka mahali pakavu pasipobadilika joto. Haiambukizi kitu cha pembeni, hilo watu wanaliogopa bure. Wala haina dawa, gundi itashika leo na kesho kipande kitaendelea kuvimba. Magurudumu ya kubadilishia yanauzwa, badilisha, ila yale mabovu yafunge kwenye kimfuko uyaandike, na ukiuza useme.

Mlinzi wangu wa geti wa Lionel No. 45 hatoki nje treni ikipita. Na ni wa mwaka gani? (Minneapolis)

Huyu mzee nampenda kuliko vikorokoro vyote. Kibanda kidogo, treni ikifika uzito wake unabonyeza swichi chini ya reli, koili ndani inavuta chuma, mlango unafunguka na mzee anatoka na taa yake mkononi, treni ikipita anarudi ndani. Alianza 1935. Ukisoma 45 au 045 chini ni wa kabla ya vita bila ubishi, 45N ndiyo yenye mtego, ilianza 1937 ikaendelea tena baada ya vita, na 145 ni ya 1950 kuja juu.

Kutotoka, tisa kwa kumi ni grisi ya zamani imeganda kama gundi. Tenganisha umeme, chomoa kile chuma kinachovutwa, kifute kikauke kabisa, na usitie mafuta ndani ya koili kwa sababu yatakusanya vumbi na utarudi hapahapa. Kama bado, jaribu swichi ya relini, mara nyingi imekaa juu sana au treni yako nyepesi haiibonyezi. Kagua pia ile taa aliyoishika mzee, huwa inavunjika na kubandikwa nyingine.

Hela yangu ndogo, nianze na nini? (Dodoma)

Ishara za reli, nguzo za taa, mabango ya bati. Vinaingia kwenye bahasha nene, posta haikuli. Ukiweza kupata vitu vya Ives, watengenezaji wa treni za kuchezea wa Bridgeport, Marekani, chukua, walifilisika 1928 wakamezwa na Lionel, na vitu vyao vidogo havitafutwi na wengi. Vile vibustani na vinyumba vyenye miti vya Lionel, zile namba 910 na kuendelea, ni adimu kweli kwa sababu majani yake yalipukutika, lakini kuvisafirisha mpaka Dodoma ni kununua vumbi la kijani.

Mwanangu wa miaka 3 anaweza kuvichezea?

Hapana. Rangi ina risasi, na vijitu vingine ni risasi vyenyewe. Mnunulie ya plastiki.