Mtupaji mpira, mrushaji au mrusha mpira?

SWALI: Naandika wasifu mfupi wa Mordecai Brown, mchezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani. Nimeandika: "Mtupaji mpira huyu alikatika kidole utotoni, kikawa kipaji chake." Mhariri amepigia mstari "mtupaji" na "alikatika". Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri wako amepatia nusu, na nusu nyingine imempita.

"Kutupa" si kosa. Mkuki hutupwa na jiwe hutupwa. Ila kitenzi hiki kina harufu ya jalala: kinachotupwa mara nyingi hakitakiwi tena, ndiyo maana jongoo hutupwa na mti wake. Brown hakuwa akiuondoa mpira mkononi. Aliulenga kwa mshikaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, na ulipokaribia ulizama ghafla, mpigaji akakata hewa. Mimi ningesema "kurusha", hata kama wapenzi wa taarabu watakumbuka roho kwanza.

Lililompita mhariri ni "mtupaji mpira". Nomino yenye -ji husimama peke yake: mrushaji, mchezaji. Ukitaja mara moja kinachotendwa, -ji huanguka: mrusha mpira, mpiga ngoma. Methali zimehifadhi kanuni hiyo: "Mpanda ngazi hushuka", "Mchimba kisima huingia mwenyewe". Ukiing'ang'ania -ji, basi tia "wa": mrushaji wa mpira.

Kwenye "alikatika kidole" nakutetea. Sarufi haina doa. Lakini -ika humficha mtenda, na hapa mtenda anajulikana: mashine ya kukatia malisho ya mifugo, shambani huko Indiana, ilimkata sehemu kubwa ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Andika "alikatwa kidole na mashine". Baadaye alianguka, vidole vingine vikavunjika na kuunga vibaya. Hapo "vikavunjika" inatosha, maana hakuna aliyevivunja.

"Kipaji" ndiyo ningeipigia mstari mimi. Kipaji mtu huzaliwa nacho. Kigutu kile kilikuwa silaha, kwa kuwa kiliuzungusha mpira namna ambayo vidole vizima havikuweza. Na jina la utani la "Three Finger" ukilifanya "Vidole Vitatu", mwambie msomaji kwamba ni chumvi: alikuwa na vinne na kigutu.

Jingine dogo: mchezaji huichezea timu, kwa hiyo usiandike "alicheza kwa Chicago Cubs".

Ningeandika hivi: "Mrusha mpira huyu, aliyekatwa kidole na mashine utotoni, aliichezea Chicago Cubs ilipotwaa ubingwa mwaka 1907 na 1908. Mwaka 1906 aliruhusu wastani wa pointi 1.04 tu kwa kila raundi tisa. Alianza kucheza ligi kuu mwaka 1903, na alipoiaga mwaka 1916 alikuwa ameshinda mechi 239."